Mzigo wa kilo mbili na nusu

Mwenye duka wa Mbagala aliupima mzigo kwenye mizani yake ya sukari. Kilo mbili na nusu. Mama yake Seif akaniangalia kwa wasiwasi, akauliza kama ndege wataukubali. Nikamwambia watakubali, mama, mimi mwenyewe sina nguo nyingi.

Ndani ya mzigo kulikuwa na korosho za Lindi zilizokaangwa, dagaa waliofungwa nailoni tatu ili wasininukie kwenye begi, pakiti mbili za viungo vya pilau, na upande mmoja wa kanga. Upande mmoja tu. Doti aliinunua nzima, akaikata katikati kwa mkasi, upande mmoja akaukunja akautia kwenye mzigo na mwingine akaurudisha kabatini. Pale alipokata hakukupindwa. Nyuzi zilikuwa zinachomoza.

“Ukimwona,” akaniambia, “mwambie hivi. Mama yako hakuombi hela. Hela unazotuma zinatosha. Mama yako anakuomba sura.”

Seif si jina lake. Nimelibadilisha, na sababu yake mtaiona mbele. Tuliishi chumba kimoja tulipokuwa wanafunzi pale Mlimani, tukagawana godoro mwezi mzima mkopo ulipochelewa, tukagawana na vitabu. Mwaka 2014 alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili Berlin. Tukamsindikiza uwanja wa ndege watu kumi na wanne kwenye Hiace moja. Tangu siku hiyo hakurudi. Baba yake alipofariki tulimzika bila yeye. Mimi ndiye niliyesimama kando ya kaburi, simu mkononi, nikimwonyesha kwa video. Mtandao ulikuwa unakatika. Mpaka leo sijui aliona kiasi gani, na sijawahi kumuuliza.

Nyumbani kwao, sebuleni, ukutani, kuna picha yake moja tu. Ya mwaka wake wa kwanza kule: amesimama kwenye theluji, ameinua mikono kama aliyefunga goli. Mama yake aliipeleka studio ikachapishwa kubwa, ikawekwa fremu.

Sasa Novemba 2023 nikaitwa mimi Berlin. Mafunzo ya siku sita kwa waandishi wa habari wa redio, tiketi na hoteli vimelipiwa. Msinione wa maana sana. Tulikuwa ishirini na kitu, na kwa siku tano za mwanzo tulichokiona cha Berlin kilikuwa ukumbi wenye zulia la kijivu, mashine ya kahawa, na giza. Unaingia asubuhi kukiwa na giza, unatoka jioni kukiwa na giza. Kati yetu wanaozungumza Kiswahili tulikuwa wawili: mimi na dada mmoja wa Mombasa, nitamwita Mwanaisha. Mtangazaji, mcheshi, na ana tabia ya kusoma jambo kabla hajalifikia. Siku ya tatu aliniambia, “Mwenzangu, Jumamosi tuko huru. Mie siendi madukani. Nina orodha yangu.”

Nikamwambia na mimi nina mwenyeji.

*

Jumamosi tarehe 25, saa tatu asubuhi, Seif alikuwa anatusubiri mlangoni pa hoteli. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Koti la bluu lenye mstari mweupe mkononi, kofia ya sufi, ndevu zimeanza mvi kidevuni. Tulikumbatiana kwa muda ambao Mwanaisha aliona ni vizuri akageuka aangalie baiskeli.

“Umetoka kulala?” nilimuuliza, maana macho yalikuwa mekundu.

“Nilipitia ofisini mara moja.”

Jumamosi asubuhi. Sikusema kitu. Mwandishi wa habari unajifunza kuacha jibu likae. Lakini nilipomshika mkono nilisikia viganja vyake vimekuwa vigumu, vimepasuka pembeni mwa vidole. Sikumkumbuka hivyo. Mlimani tulikuwa tukimcheka kwa kuwa na mikono ya karani.

Nikataka kumpa mzigo palepale. Akasema, “Tembea nao tu, tutaufungua jioni.” Basi nikauvaa mgongoni kwenye begi, na maneno ya mama yake nikayavaa pamoja nao. Nilijiambia nitamwambia tukifika mahali tulivu. Kwa kweli nilikuwa naogopa. Siku ilikuwa nzuri, tulikuwa tunacheka, na maneno yale yangeivunja.

Tulianza pale wanapoanzia wote, Lango la Brandenburg. Tukapiga picha, tukamsikiliza Seif akitueleza ukuta ulipita wapi, akitaja miaka kama mtu anayefanya kazi ya kuongoza watalii. Baridi ilikuwa nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Mwanaisha alikuwa amejifunga mitandio miwili na juu yake kofia. “Wallahi hawa watu wanakaa ndani ya friji,” akasema, “kisha wanaona ajabu sisi kuchelewa kuamka.”

Cha kwanza kwenye orodha yake kilikuwa Wilhelmstraße namba 92. Ukienda ukitarajia jumba, utapita. Jumba halipo. Kilichopo ni bango la maelezo kando ya njia, na nyuma yake majengo ya makazi ya kawaida kabisa, watu wameanika vitu vyao kwenye baraza. Hapo ndipo palipokuwa na makazi ya Kansela Bismarck, na hapo ndipo wajumbe wa mataifa walipokaa kuanzia Novemba 1884 mpaka tarehe 26 Februari 1885 kupangiana kanuni za kuichukua Afrika. Kesho yake, tarehe 27, Carl Peters akapewa hati ya Kaisari ya kuilinda ardhi aliyorudi nayo kwenye makaratasi kutoka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Shuleni tuliimba tarehe hizi kama jedwali la kuzidisha. Nilidhani nikifika nitasikia kitu kifuani. Nilichosikia ni baridi ya miguu. Mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, mbwa akainua mguu kwenye mti, wakaendelea.

“Ndo hapa?” Mwanaisha akauliza.

“Ndo hapa,” akasema Seif. “Mimi nilipita hapa mwaka mzima bila kujua.”

*

Kituo kilichofuata kilikuwa changu. Tulirudi barabara ya Unter den Linden tukasogea mpaka mbele ya chuo kikuu, kile ambacho leo kinaitwa Humboldt. Nilitaka tu kusimama hapo. Nilijua kuwa mwaka 1900 Mwafrika mmoja wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliletwa Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari ya lugha za Mashariki iliyokuwa chini ya chuo hiki. Ninyi mnaosoma hapa mnamjua, au mnapaswa kumjua. Ndiye aliyeandika Desturi za Wasuaheli, iliyotoka mwaka 1903 ikiwa na jina la Carl Velten juu ya jalada. Kila mtafiti anayetaka kujua Mswahili wa pwani alivyozaliwa, alivyooa, alivyotibiwa na alivyozikwa kabla ya karne ya ishirini, hurudi kwa Mtoro.

Nikawasimulia wenzangu kisa chake, maana ndicho kilichonipeleka pale. Mwaka 1904 alimuoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli pamoja kurudi nyumbani. Meli ilipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikakataa: mwanamke mweupe hawezi kushuka na kukaa na mume mweusi katika koloni. Wakageuzwa. Mtu aliyewaandikia Wajerumani kitabu kizima cha namna kwao wanavyompokea mgeni, alizuiwa kushuka kwao. Akarudi Ujerumani, na alifariki hapahapa Berlin mwaka 1927.

“Aliiona Dar, halafu akageuka?” Seif akauliza.

“Aliiona.”

“Kutoka kwenye meli.”

“Ndiyo.”

Akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni. “Twendeni,” akasema, “mtaganda.”

*

Treni ya chini, U6, vituo vitatu tu, ukashuka kituo kinaitwa Naturkundemuseum. Hapa hatukuhitaji orodha. Mtanzania ukifika Berlin usipokwenda kumwona mjusi, utajibu nini nyumbani? Mjusi huyu tumemsikia bungeni tangu tukiwa wadogo: arudishwe, asirudishwe, atatunzwa wapi, tunalipwa nini. Mimi nimesoma habari zake kwenye taarifa ya saa mbili zaidi ya mara moja, na kila mara nikimwita mjusi kama vile ni wa kwenye dari.

Ukiingia tu, yuko mbele yako. Hupati muda wa kujiandaa. Ukumbi una paa la kioo, na yeye anaanzia chini kwenye miguu minene kama minazi halafu anakwenda juu, juu, mpaka kichwa kidogo kinachokaribia mwanga. Urefu wake ni mita 13.27. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani mirefu kuliko hii. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai, aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na alitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Pembeni yake wamesimama jirani zake, wadogo kwake, nao wa Tendaguru: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus. Ni kama umeingia ukumbini ukakuta kijiji kizima kimehamishwa.

Mwanaisha alikaa kimya kwa dakika nzima, jambo ambalo sikuwa nimeliona wiki ile.

Seif ni mtu wa Lindi, baba na mama. Alikwenda akasimama chini kabisa ya shingo, akainua uso, akasema kwa sauti ya mtu anayemsalimia mjomba: “Huyu ndiye mtu wa kwetu pekee ninayemjua mwenye kibali cha kudumu Berlin.”

Tulicheka mpaka mlinzi akatuangalia. Na katikati ya kicheko nikaona kwamba yeye ameshaacha kucheka.

Kuna jambo ambalo picha za mjusi hazikuambii: alibebwa. Uchimbaji ulidumu kuanzia 1909 mpaka 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na mkoa ule ulikuwa umetoka kuchomwa mashamba na kushindishwa njaa. Wachimbaji walikuwa watu wa palepale, mamia. Wataalamu wa Kijerumani, Janensch na Hennig, majina yao yako kwenye vitabu vyote. Msimamizi wao mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejua kuchokoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Yeye alisubiri mpaka mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa ikafungwa kwenye mizigo, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, mzigo mmoja baada ya mwingine, zaidi ya tani 200. Kisha meli. Kisha miaka ya kuunganisha. Aliposimamishwa mara ya kwanza ilikuwa 1937.

Bibi yake Seif aliwahi kutuhadithia, tulipokwenda Lindi likizo, kwamba mzee wao mmoja alibeba “mawe ya Wadachi” akalipwa, na kwamba mpaka anakufa hakuelewa mzungu anayafanyia nini mawe. Hatukuwa tumeyatilia maanani. Tulikuwa na miaka ishirini na mbili, tukawa tunasubiri aondoke twende baharini.

“Unakumbuka yale mawe ya bibi?” nikamuuliza.

“Ndiyo nayafikiria.” Akageuka. “Nipige picha naye. Nitamtumia mama.”

Nikampiga. Koti la bluu, kofia mkononi, kidole gumba juu, na nyuma yake mguu wa mjusi. Nikampa na simu yake nikampiga na kwa hiyo. Begi la mzigo likiwa mgongoni mwangu, nikifikiri: mwambie sasa. Sikumwambia.

*

Tulipotoka mwanga ulikuwa umeanza kuondoka, na ilikuwa saa tisa na nusu mchana. Kitu cha mwisho kwenye orodha ya Mwanaisha kilikuwa Brunnenstraße namba 193. Hakutaka kutuambia ni nini. Tulitembea kwa miguu kuifuata Invalidenstraße, tukapita Nordbahnhof, mpaka barabara inapokutana na Brunnenstraße, tukakata kulia. Alikuwa anahesabu namba za milango. Kisha akasimama ghafla na kuangalia chini.

Kama hujafika miji ya Ujerumani, nikueleze. Kwenye njia za waendao kwa miguu wamepandikiza vijiwe vya mraba vyenye bamba la shaba juu, ukubwa wa kiganja, mbele ya nyumba walizoishi watu waliouawa na utawala wa Hitler. Jina, mwaka wa kuzaliwa, yaliyompata. Viko maelfu. Unavipita kama unavyopita mfuniko wa mtaro.

Hiki kilikuwa na jina la Bayume Mohamed Husen. Mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1904.

Mwanaisha akatueleza palepale, tumesimama katikati ya njia, watu wakitupisha. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, mwenye asili ya Sudani, na mtoto mwenyewe aliingizwa vitani angali mtoto, Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 akafika Berlin, baharia wa kuhudumia abiria, akaenda kwenye ofisi ya serikali kudai mishahara ya baba yake na yake ambayo haikuwahi kulipwa. Wakamkatalia. Akabaki. Akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa Mjerumani, akapata watoto, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, kilekile tulichosimama mbele yake asubuhi. Akaigiza kwenye filamu, kila mara mtumishi, mpagazi, mwenyeji. Filamu yake ya mwisho, 1941, inamsifu Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa mji. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944.

“Jana,” nikasema.

“Jana,” akasema Mwanaisha. “Miaka sabini na tisa.”

Bamba lilikuwa na tope. Akachuchumaa, akafungua mtandio mmoja kati ya miwili yake, akapangusa mpaka herufi zikang'aa. Kisha akainua viganja, akaanza kusoma Fatiha kwa sauti ya chini. Mimi na Seif tukachuchumaa tukaitikia. Kijana mmoja mwenye baiskeli alisimama, akasubiri tumalize, akatikisa kichwa kwa heshima na kupita.

Tuliposimama, Seif hakusimama. Alikuwa bado anaangalia lile jina. Akasema bila kutuangalia:

“Mimi sina ofisi.”

*

Jirani na kituo cha Rosenthaler Platz tulipata mgahawa mdogo, tukakaa dirishani na chai tatu. Nje kulikuwa kumeshakuwa usiku.

Shahada ya pili hakuimaliza. Mwaka baba alipofariki ndio alioshindwa kurudi darasani, na ada ya kuishi haikungoja huzuni yake. Akaanza kazi ya ghala, kupanga na kufunga vifurushi, zamu ya usiku. Ndiko alikotoka asubuhi ile kabla ya kuja kutupokea. Karatasi aliyo nayo ni ya muda. Inamruhusu kukaa na kufanya kazi wakati maombi yake yanasubiri majibu, lakini akitoka nje ya nchi hana uhakika wa kuruhusiwa kuingia tena. Yamesubiri miaka. Na huku nyumbani, ada ya mdogo wake, dawa za mama za presha na kodi ya ile nyumba ya Mbagala vyote vinatoka kwenye vile vifurushi.

“Kwa hiyo nikirudi kuonyesha sura,” akasema, “ndiyo mwisho wa hela. Na nikituma hela, sina sura.”

Sikuwa nimemwambia bado. Sikuwa nimetamka neno la mama yake hata moja. Alikuwa amelijua mwenyewe, nadhani kwa miaka.

Nikafungua begi, nikamwekea mzigo mezani. Akaufungua polepole. Alitoa korosho akala moja, akampa Mwanaisha, akanipa mimi. Alinusa dagaa akacheka. Alipofika kwenye kanga akaikunjua juu ya meza, kati ya vikombe, akasoma jina lake. Mimi sikuwa nimelisoma. Kwetu mwanamume hachunguzi kanga ya mama wa mwenzake. Imeandikwa Kawia ufike.

Akaitafuta nusu ya pili ndani ya mfuko.

“Iko kwake,” nikasema.

Hapo ndipo nikayasema yale maneno, kama nilivyotumwa. Mama yako hakuombi hela. Aliyasikiliza hadi mwisho. Akakunja kanga kwenye mistari ileile aliyoikunja mama yake, akaitia ndani ya koti, upande wa kifuani, akavuta zipu.

“Utamwambia nini?” akaniuliza.

“Unataka nimwambie nini?”

“Mwambie nina kazi nzuri. Ofisini. Mwambie mwakani.”

Mwanaisha alikuwa anaangalia nje. Mimi kazi yangu ni kusema yaliyotokea. Nimewahi kugombana na mhariri kwa sababu ya neno moja. Nikasema, “Sawa.”

Usiku ule alitupeleka kwake, mtaa wa Wedding, hatua chache kutoka barabara inayoitwa Sansibarstraße. Jirani yake iko Tangastraße. Mwanaisha alipiga picha kila kibao. Seif aliunga dagaa kwa nyanya na pilipili, akafungua dirisha baridi yote ikaingia, na mwenzake anayeishi naye, kijana wa Syria, akaja kuuliza kuna nini, akapewa sahani. Tulikula mpaka sufuria ikalia. Kwa saa mbili tulikuwa Mabibo.

*

Nilimwendea mama yake siku ya pili tangu nirudi. Shikamoo, marahaba, chai, maandazi. Nikamwambia yote kama nilivyoagizwa. Ana afya. Ana kazi nzuri, ofisini. Mwakani, inshallah. Aliitikia kila sentensi kwa “alhamdulillah.” Akaomba kuona picha.

Nikampa simu. Aliiweka mbali na macho, kisha karibu. Picha ya mjusi haikumshangaza hata kidogo, alisema tu, “Ndiyo mawe yale.” Akaikuza kwa vidole viwili. Akainua macho ukutani, kwenye ile picha ya theluji yenye fremu. Akarudi kwenye simu. Akainua tena.

“Koti ni lile lile,” akasema.

Nikatazama. Bluu, mstari mweupe mkononi. Miaka tisa nimeingia sebule ile, na sikuwa nimeliona.

“Mtu wa ofisini, miaka tisa, hana koti la pili?”

Sikuwa na jibu. Alinirudishia simu, akanimiminia chai nyingine ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kidogo kwenye kisahani.

“Usimwambie kwamba nimejua,” akasema. “Mwache anidanganye mpaka atakapoweza kuacha.”

Basi mwenzenu nikawa nimebeba viwili: uongo wa mtoto kwa mama, na ukimya wa mama kwa mtoto. Nikipigiwa na huyu nauficha wa yule. Nimekaa navyo zaidi ya mwaka. Vilikuwa vizito kuliko korosho.

Nilipoandika makala hii nilimtumia Seif kwanza, nzima, pamoja na sehemu ya koti. Nilimwambia akikataa naifuta. Alikaa kimya wiki tatu. Kisha akapiga simu usiku, zamu yake ilipokuwa mapumziko, nyuma yake nikisikia mashine.

“Amejua tangu lini?”

“Tangu niliporudi.”

Kimya. Kisha: “Chapisha. Badilisha jina tu.”

Kesho yake mama yake alinipigia. Alianza kwa kunitukana kwa mapenzi, mimi na mdomo wangu wa redio. Kisha akanieleza kwamba mwanawe alimpigia alfajiri, wakazungumza saa nzima, akamwambia kila kitu, ghala, karatasi, shule. “Na wewe ulimwambia nini, mama?” nikauliza. Akasema alimuuliza kama humo ghalani kuna joto. Akamwambia lipo kidogo. Akamwambia basi vizuri.

Majibu ya karatasi bado hayajatoka. Sina habari njema ya kufungia. Wiki iliyopita nilipita Mbagala, nikamkuta anakwenda kwa fundi na nguo za wajukuu. Kanga yake ilikuwa palepale kabatini, bado haijapindwa. Nikamwambia mama, si uipeleke na hiyo, nyuzi zinaisha. Akasema hapana. Atazipinda zote mbili siku moja, kwa fundi mmoja.